Oda imetumwa lakini ofisini haionekani: kutafuta chanzo usawazishaji unapokwama kati ya simu na mfumo wa kampuni

Malalamiko huja kwa maneno machache: "Nimetuma, lakini ofisini hawaoni." Muuzaji wa kampuni ya usambazaji aliye Singida anaonyesha oda yenye alama ya kijani kwenye simu yake, mhasibu aliye Dar es Salaam anafungua mfumo wa kampuni na hakuti chochote, na mtu wa tatu anashauri programu ifutwe simuni na kusakinishwa upya. Ushauri huo wa tatu ndio wa hatari kuliko yote. Katika mifumo mingi ya aina hii, oda ambayo haijafika ofisini imehifadhiwa ndani ya simu peke yake, hivyo anayeifuta programu anaifuta na oda, pamoja na ushahidi wote ambao ungeonyesha kwa nini ilikwama.

Mwongozo huu unaihusu programu ya kati, ile inayokaa kwenye seva kati ya simu za wafanyakazi wa nje na mifumo mikuu ya kampuni, iwe ya fedha, ya ghala au ya wateja. Programu hiyo huhakiki utambulisho wa mtumiaji, hupokea rekodi kutoka simuni, huzigeuza ziwe katika umbo linaloeleweka na mfumo mkuu, huzipanga foleni, huziandika, kisha huirudishia simu mabadiliko yaliyofanywa na wengine. Kazi inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na mtumiaji aliye nje ataiona dalili ileile moja, yaani data haipo mahali alipoitarajia.

Jua kwanza rekodi imesimama wapi

Kabla ya kurekebisha chochote, chukua rekodi moja iliyopotea na uifuatilie kituo kwa kituo: hifadhidata ya simu, ambayo mara nyingi ni SQLite; foleni ya kutoka iliyo ndani ya simu; mlango wa programu ya kati; foleni yake ya ndani; na hatimaye jedwali la mfumo mkuu. Ufuatiliaji huu ni rahisi ikiwa kila rekodi hupewa UUID, yaani namba ndefu isiyofanana na nyingine yoyote, na simu yenyewe wakati inapozaliwa, kwa sababu namba hiyo hubaki ileile katika vituo vyote. Mfumo unaosubiri seva itoe namba huiacha rekodi bila jina katika safari yote ya kwanza, na hapo utalazimika kuitafuta kwa jina la mtumiaji, muda na kiasi, kazi ambayo huchosha na hupotosha.

Uliza pia alama ya kijani ina maana gani. Katika kanuni za HTTP, ambazo simu na seva hutumia kuwasiliana, jibu 201 linasema kwamba kitu kimeundwa, ilhali jibu 202 linasema tu kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa baadaye. Programu ya kati inayotumia foleni hujibu 202, na msanidi wa programu ya simu akiionyesha kama mafanikio kamili, muuzaji ataamini kwamba oda imeingia kwenye vitabu wakati imeingia kwenye foleni tu. Ningependa kila programu ya aina hii iwe na alama tatu zinazotofautiana: imehifadhiwa simuni, imepokelewa, imeandikwa kwenye mfumo mkuu. Malalamiko mengi yangepata jibu kabla ya mtu kupiga simu ofisini.

Rekodi haitoki simuni

Ikiwa data hutoka mara tu mtumiaji anapoifungua programu lakini haitoki simu ikiwa mfukoni, chanzo kiko kwenye mfumo wa uendeshaji wa simu wala si kwenye seva. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuchajiwa huingia katika hali iitwayo Doze, ambamo kazi za chinichini husubiri madirisha mafupi ya muda. Android 8.0 ya mwaka 2017 ilibana zaidi huduma za chinichini, na Android 9 ya mwaka 2018 ikaanza kuzipanga programu katika makundi kulingana na mara ngapi zinatumika. Hata WorkManager, njia inayopendekezwa kwa kazi za kujirudia, haikubali kipindi kilicho chini ya dakika 15. Juu ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza vidhibiti vyao vya betri ambavyo huizima programu kabisa.

Kuiondoa programu kwenye orodha ya Kiokoa Betri husaidia, lakini dawa ya kudumu iko katika usanifu. Programu ijaribu kutuma pale pale mtumiaji anapobonyeza kuhifadhi, ijaribu tena kila inapofunguliwa, na kazi ya chinichini iwe nyongeza tu. Vilevile arifa zinazosukumwa kutoka seva zisibebeshwe data. Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google ya kutuma arifa, huweza kuchelewesha ujumbe wa kipaumbele cha kawaida simu ikiwa imelala, na ujumbe usiounganishwa, yaani ule ambao mpya hauchukui nafasi ya wa zamani, ukizidi 100 bila kufikishwa kwa kifaa, wote hutupwa. Arifa iseme "kuna mabadiliko", kisha simu yenyewe iende kuyachukua.

Mtumiaji akisema mtandao upo kwa sababu WhatsApp inafanya kazi, usiishie hapo. Vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyouzwa na kampuni za simu huruhusu programu chache tu, na mtu aliyemaliza bando la kawaida anaweza kuendelea kupiga soga wakati seva ya kampuni yake haifikiki. Mwambie afungue tovuti yoyote ya kawaida kwenye kivinjari, kwa simu ileile na laini ileile.

Zikishindwa simu za zamani peke yake, na zote kwa pamoja kuanzia siku fulani, chunguza vyeti vya usalama. Simu za Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 hazikitambui cheti cha mzizi (kile kinachothibitisha vyeti vingine) cha ISRG Root X1 kinachotumiwa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti kwa seva. Njia ya mpito iliyoziwezesha simu hizo kuendelea kuunganishwa, hata baada ya cheti cha mzizi walichotegemea awali, DST Root CA X3, kuisha muda tarehe 30 Septemba 2021, ilifika mwisho wake mwaka 2024. Ikiwa ni simu moja tu inayokataa, angalia tarehe yake, kwa maana simu ambayo betri yake ilikufa kabisa ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma huona kila cheti kuwa batili.

Chanzo kingine hujificha vizuri zaidi. Mtandao ni mzuri, programu iko wazi, lakini hakuna kilichotoka tangu Jumanne. Hapa watu huichunguza rekodi ya mwisho, wakati mkosaji ni ya kwanza. Foleni nyingi hutuma kwa mpangilio, na rekodi moja mbovu iliyo mbele, kwa mfano oda yenye kiasi hasi ambayo seva huikataa kila mara, huzuia zote zilizo nyuma yake. Rekodi hiyo iwekwe pembeni baada ya kukataliwa kwa sababu isiyoweza kubadilika, na msimamizi aarifiwe. Lakini usiruhusu zilizo nyuma zipite kiholela: ikiwa iliyokwama ni usajili wa mteja mpya, oda za mteja huyo lazima zisubiri naye, la sivyo mfumo mkuu utazikataa kwa kukosa mteja wa kuzihusisha naye, na utakuwa umezalisha matatizo kumi kutoka kwa moja.

Programu ya kati inaikataa

Hapa namba ya jibu inatosha kukuelekeza, mradi programu ya simu inaiandika kwenye kumbukumbu zake badala ya kuonyesha "hitilafu imetokea" tu. Jibu 413 mara nyingi hutokana na picha: nginx, programu ya kupokea maombi iliyo mbele ya seva nyingi, kwa chaguo-msingi hukataa mzigo unaozidi MB 1. Jibu 504 hutokea mfumo mkuu unapochelewa kujibu, na nginx hiyohiyo husubiri sekunde 60 tu isipoelekezwa vingine. Jibu 403 linahusu ruhusa, kwa hiyo mwulize msimamizi wa akaunti kabla ya kumsumbua mtu wa mtandao.

Jibu 401, linalosema utambulisho haukukubaliwa, lastahili maelezo zaidi. Tokeni ya kuingilia, yaani kibali cha kidijitali ambacho simu huonyesha kwa seva, huisha muda wake baada ya kipindi kifupi, na simu hutumia tokeni ya pili kujipatia mpya. Baadhi ya seva, kwa usalama, huibadilisha na hiyo ya pili kila inapotumika. Ikiwa skrini ya mbele na kazi ya chinichini zitaomba tokeni mpya kwa wakati mmoja, moja itafaulu na nyingine itaonekana kama mwizi anayetumia tokeni iliyokwisha kutumika, na seva itamtoa mtumiaji nje. Dalili yake ni watu wanaolalamika kwamba wanatakiwa kuingia upya bila sababu, hasa asubuhi wanapoifungua programu. Weka kufuli moja ndani ya programu ili ombi la tokeni lifanywe na mmoja tu huku wengine wakisubiri.

Oda moja imeingia mara mbili

Hili ndilo tatizo linalogharimu fedha na heshima, kwa sababu mteja huletewa katoni mara mbili au hudaiwa mara mbili. Linganisha UUID za rekodi hizo mbili. Zikitofautiana na muda wa kuundwa ukipishana kwa sekunde chache, mtumiaji alibonyeza mara mbili, na marekebisho yafanywe kwenye kitufe cha skrini. Zikiwa sawa, simu haina kosa, na uchunguzi uhamie kwenye seva.

Kinachotokea ni hiki. Simu hutuma oda, programu ya kati huiandika, lakini mtandao hukatika kabla ya jibu kurudi. Kwa upande wa simu, ombi lililopotea njiani na jibu lililopotea njiani havitofautiani kabisa. Zote mbili ni ukimya. Simu hufanya ilivyoagizwa, yaani hutuma tena, na ikifanya vinginevyo itapoteza oda. Kwa hiyo jukumu la kuzuia marudio ni la anayepokea: seva iihifadhi UUID ya kila ombi, na ikiiona tena irudishe jibu lile la kwanza bila kuandika upya.

Wengi wanalijua hilo na bado wanapata marudio, kwa sababu mbili. Ya kwanza, UUID huandikwa katika hatua moja ya hifadhidata na oda katika hatua nyingine, hivyo seva ikianguka katikati, moja hubaki bila mwenzake. Ziandikwe pamoja, zifaulu au zishindwe pamoja. Ya pili, ulinzi umewekwa kati ya simu na programu ya kati, lakini haupo kati ya programu ya kati na mfumo mkuu. Programu ya kati nayo ni mtumaji, nayo hukutana na ukimya na kurudia kutuma, hasa baada ya lile jibu 504. Mfumo mkuu mara nyingi ni wa zamani na hauna mahali pa UUID, lakini karibu kila mfumo wa fedha una sehemu ya namba ya rejea ya nje. Iweke UUID humo, na uweke sharti la kutorudiwa ikiwa mfumo unaruhusu. Usiporuhusu, programu ya kati iulize kwanza kama rejea hiyo ipo kabla ya kuandika tena.

Data ya zamani inaifuta mpya

Msimamizi amesahihisha namba ya simu ya mteja asubuhi, na jioni namba ya zamani imerudi. Mara nyingi kanuni iliyowekwa ni kwamba aliyeandika mwisho anashinda, na "mwisho" unapimwa kwa saa ya simu. Simu iliyotangulizwa mbele kwa dakika ishirini itashinda kila mara, hata ikiwa imekosea. Mpaka wa nchi nao huleta lake: Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC (saa ya rejea ya dunia), Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Dereva anayevuka Rusumo kuingia Rwanda huona saa ya simu yake ikirudi nyuma kwa saa moja, na ikiwa programu inahifadhi muda wa mahali alipo bila kutaja tofauti na UTC, risiti aliyoandika baada ya kuvuka itaonekana kutangulia ile aliyoandika kabla. Muda wote uhifadhiwe kwa UTC, na mpangilio wa mambo uamuliwe na seva.

Afadhali zaidi, acha kutegemea saa. Kila rekodi iwe na namba ya toleo. Simu ikituma badiliko iseme ilianzia toleo lipi, na seva ikiona kwamba toleo limekwisha kusonga mbele ikatae. HTTP ina njia ya hili, yaani vichwa vya ETag (seva hutaja toleo) na If-Match (simu hutaja toleo iliyoanzia), ambapo jibu la kukataa ni 412. Hifadhidata ya CouchDB hufanya vivyo hivyo kwa jibu 409, lakini nakala mbili zilizobadilishwa bila mawasiliano zinapokutana, huchagua mshindi kwa kanuni isiyobahatisha na kuihifadhi nyingine kama mgongano. Wasanidi wengi husahau sehemu hiyo ya mwisho. Aliyeshindwa yupo, kazi ya mtu imo ndani yake, na hakuna anayeitazama mpaka mlalamikaji ajitokeze.

Kwa bidhaa zilizo ghalani, hata namba za toleo hazitoshi. Wauzaji wawili walioona salio la katoni 50, mmoja akauza 5 na mwingine 8, wakituma salio jipya watatuma 45 na 42, na lolote litakaloshinda ni uongo. Watume miendo badala ya salio: toa 5, toa 8. Seva itajumlisha na kupata 37, kwa mpangilio wowote zitakavyofika. Badiliko hili moja katika usanifu huondoa migongano mingi kuliko kanuni yoyote ya kuamua mshindi.

Angalia pia matoleo ya programu yaliyo mikononi mwa watu. Toleo la zamani lisilojua sehemu mpya, tuseme namba ya utambulisho wa mlipakodi, likituma rekodi nzima litaituma sehemu hiyo ikiwa tupu, na seva itaifuta iliyokuwepo. Ukiona sehemu moja tu ikitoweka kwa baadhi ya wateja, panga waliozibadilisha kwa toleo la programu. Simu zitume sehemu zilizobadilishwa tu, na seva itofautishe kati ya sehemu iliyoachwa na sehemu iliyofutwa kwa makusudi.

Rekodi chache hazishuki simuni

Hapa mfumo unaonekana mzima, simu inasema imesawazishwa, lakini bidhaa mbili au tatu kati ya elfu hazionekani, na kusakinisha upya "huponya". Kupona huko kwenyewe ni dalili. Kuna maana kwamba data ipo, ila swali la simu haliifikii.

Simu nyingi huuliza: nipe yote yaliyobadilika tangu muda niliouliza mara ya mwisho. Tuseme badiliko la bei lilianza kuandikwa saa 4 kamili asubuhi na kupewa muda huo, lakini liliidhinishwa na hifadhidata, na kuanza kuonekana kwa wengine, sekunde 20 baadaye. Simu iliyouliza katika sekunde ya 10 haikuliona, kwa kuwa halijaidhinishwa, na ikaweka alama yake kwenye sekunde ya 10. Itakapouliza tena itaomba yaliyo baada ya alama hiyo, na badiliko lenye muda wa saa 4 kamili litakuwa limeachwa nyuma daima. Namba za mfuatano nazo zina udhaifu huohuo, kwa sababu namba hutolewa kabla ya idhini. Tiba nyepesi ni kuuliza kuanzia dakika chache kabla ya alama na kuvumilia kupokea baadhi ya rekodi mara mbili. Tiba kamili ni kusoma kumbukumbu za mabadiliko za hifadhidata yenyewe, ambazo hufuata mpangilio wa idhini.

Rekodi zilizofutwa zina shida ya kinyume, kwani huendelea kuonekana. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuonekana kwenye orodha ya mabadiliko, hivyo seva huacha alama ya kufutwa, na alama hizo haziwekwi milele. Hifadhidata ya Cassandra, kwa mfano, huzihifadhi kwa siku 10 kwa chaguo-msingi. Simu iliyokaa kabatini kwa mwezi mzima itarudi na bidhaa zilizokwisha kuondolewa, na katika mifumo mingine itazifufua hata kwenye seva. Weka kanuni kwamba kifaa kilichokosekana zaidi ya muda huo kitume kwanza kilicho kwenye foleni yake ya kutoka, kisha kianze upya kabisa. Muuzaji aliyehamishwa kutoka Mwanza kwenda Mbeya yuko katika hali inayofanana: wateja wa Mwanza hawakufutwa, wametoka tu katika eneo lake, na seva isipomtumia amri ya kuwaondoa atabaki nao simuni, pamoja na madeni yao ya siku ile alipoondoka.

Mfumo unazidiwa mtandao unaporudi

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Kampuni zenye programu ya kati kwenye seva za nje ya nchi hukabiliwa na mambo mawili katika siku kama hizo: kwanza kutofikika, kisha, mtandao unaporudi, simu zote kutuma kwa pamoja. Hilo la pili huangusha seva iliyokuwa nzima. Dalili yake ni majibu 503 (seva haipatikani kwa sasa) na 429 (maombi ni mengi mno) yanayokuja kwa mawimbi yenye vipindi sawa, maana simu zote zinajaribu tena baada ya muda uleule.

Muda wa kusubiri uongezeke maradufu kila jaribio linaposhindwa, na uchanganywe na kiasi cha kubahatisha ili simu zisigongane. Seva ikitoa kichwa cha Retry-After, kinachotaja muda wa kusubiri, simu iuheshimu muda huo. Wakati wa msongamano, programu ya kati ipokee kwanza yanayopanda kutoka simuni, kwa maana hayo hayana nakala nyingine, na iahirishe picha pamoja na orodha ndefu za bidhaa zinazoshuka. Kesho yake, kabla ya mtu yeyote kusema hali imetulia, kila simu itume idadi na jumla ya oda ilizoziunda kwa siku husika, na programu ya kati izilinganishe na zilizoandikwa kwenye mfumo mkuu, kifaa kwa kifaa. Zitakazopungua zitafutwe kwa UUID, kuanzia kwenye foleni ya rekodi zilizowekwa pembeni, na simu zenye upungufu zisiguswe mpaka nakala ya hifadhidata zao iwe imechukuliwa.